Karisa ya kutambaa Mombasa: namna ya kufunika ardhi ya mawe na chumvi kwa kichaka kinachozaa matunda

Naandika hii mara moja ikae hapa, kwa sababu maswali ni yale yale kila mvua ikikaribia. Huyu auliza ile mimea ya miba yenye maua meupe yapatikana wapi, yule auliza yake mbona imekuwa manjano, mwengine alinunua ya kutambaa sasa imemfika kiunoni, na karibu wote wataka kujua kama yale matunda mekundu yaliwa ama ni sumu. Kwa hivyo kama wakaa Nyali, Bamburi, Shanzu, Likoni, Kizingo, popote pale ambapo ukipiga jembe wagonga jiwe na nyasi ya Pemba kila kaskazi yakauka mpaka ardhi yaonekana, soma yote kabla hujatoa pesa.

Karisa kwao ni pwani ya Afrika Kusini mpaka Msumbiji, na huko yamea yenyewe juu ya vilima vya mchanga kando ya bahari. Ndo maana upepo wa kusi na rasharasha za chumvi haziitishi. Majani yake ni mazito, yang'aa, na hayapukutiki msimu wowote, mwaka mzima ni kijani tu. Maua meupe ya petali tano yana harufu nzuri sana hasa magharibi ikiingia, na baada ya maua yaja matunda mekundu. Jina la kitaalamu ni Carissa macrocarpa, liandike kwenye simu uende nalo kwa muuza miche, kwa sababu jina hilo ndo litakuokoa na kuuziwa kitu chengine.

Na kuuziwa kitu chengine ndo tatizo la kwanza. Karisa ya kawaida si ya kutambaa, hiyo ni ya ua, yapanda mita 2 na kupita. Unayoitaka wewe ni zile aina fupi: Green Carpet, Horizontalis ama Prostrata, ambazo hukaa kati ya sentimita 30 na 60 hivi na kwenda upande kuliko kwenda juu. Kuna nyengine yaitwa Boxwood Beauty, hiyo haina miba na ni fupi pia, ila yakaa kama kichaka cha mviringo badala ya kutambaa, ni nzuri kwa nyumba yenye watoto wadogo. Kuna pia ndugu yake wa kienyeji ambaye Wakikuyu na Wakamba wamwita mukawa, matunda yake ni madogo na yakiiva huwa meusi, huo ni mmea mzuri lakini warefuka na kuparamia, usikubali kuuziwa huo ukaambiwa ni wa kutambaa. Ukifika kitaluni usiangalie tu mche, omba uoneshwe mama yake, yaani ule mmea mkubwa ambao miche imekatwa kutoka kwake. Kama mama amesimama kimo cha mtu, ondoka.

Kwanza habari ya sumu

Hapa naomba usipite haraka. Tunda la karisa lililoiva, jekundu kabisa na laini ukilibonyeza, laliwa lote na ganda lake na mbegu zake. Sehemu nyengine za mmea usizile, wala majani, wala matunda mabichi. Karisa ni ukoo mmoja na olianda, ile inayopandwa kila hoteli na kila ua hapa mjini, na olianda ni sumu kali kuanzia jani mpaka mti. Ukoo huo huo una ule mti ambao sumu ya mishale hutengenezwa kwake, na mti huo unamea hapa hapa Kenya, maua yake ni meupe yenye harufu na matunda yake mtoto aeza kuyafananisha na ya karisa.

Tofauti ni hii. Karisa ina miba, na kila mwiba umegawanyika mara mbili kwenye ncha, kama herufi Y. Mti wa sumu ya mishale hauna miba hata mmoja na matunda yake yakiiva huwa zambarau iliyokolea mpaka nyeusi. Kwa hivyo kama hakuna mwiba wa Y, ama tunda si jekundu, hakuna kula. Na kama ulichukua ile karisa isiyo na miba, Boxwood Beauty, usimpe mtoto tunda lake mpaka uwe na uhakika kamili wa ulichonunua. Wafundishe watoto wa nyumbani na wa jirani, wafundishe mapema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Miche ya aina fupi, yenye afya, ya karatasi ama ya kopo. Hesabu yake iko hatua ya 5.
- Mtaimbo au sururu kama uko kwenye mawe, jembe na beleshi kama uko kwenye mchanga.
- Glavu za ngozi, zile nzito anazotumia welda. Za mpira na za kitambaa mwiba wapita moja kwa moja.
- Viatu vilivyofunikwa. Slipas hapana, mwiba wa karisa wapenya soli ya slipas.
- Samadi iliyooza ya mbuzi au ng'ombe, ama mboji.
- Makumbi, majani makavu ya mvinje ama makuti yaliyochakaa, ya kutandaza.
- Mkasi wa kukatia matawi na spiriti kidogo ya kuufutia.
- Maji matamu. Ya kisima yenye chumvi tutayazungumza.

Wakati mzuri wa kupanda ni masika yakianza, mwisho wa Machi kuingia Aprili, mche upate miezi ya mvua ya kushika mizizi. Nafasi ya pili ni vuli, Oktoba. Kupanda Januari katikati ya kaskazi yawezekana, ila utakuwa mtumwa wa ndoo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali. Yataka jua la masaa 6 na zaidi kwa siku. Kivulini haifi, lakini yarefuka kutafuta mwanga, yaacha mapengo, na maua huoni. Pahali pazuri ni chini ya ukuta, mbele ya uzio upande wa bahari, kwenye mtelemko ambao mvua hubeba udongo, na chini ya madirisha, maana hakuna mtu atakayesimama hapo usiku. Pahali pabaya ni kando ya njia nyembamba, pembeni ya bembea za watoto, na chini ya kamba ya kuanikia nguo. Hili la kamba watu hawalifikirii: kusi likivuma shuka yashuka yajilaza juu ya miba, na kuitoa bila kuichana ni kazi ya subira. Acha angalau mita moja kutoka ukingo wa njia mpaka shina la mche wa kwanza, kwa sababu itatambaa kufuata hiyo njia.

2. Ng'oa magugu, na hasa ndago. Hii ndo hatua ambayo wengi huiruka na ndo itakayowatesa baadaye. Karisa ikishatambaa hutaki kuingiza mkono mle ndani kupalilia, hata na glavu. Ndago ukiikata kwa jembe juu juu haijali, yatoka tena kutoka kwa vile vinundu vyeusi vilivyo chini. Kwa hivyo chimba, toa vinundu kwa mkono, mwagilia maji hiyo sehemu kisha iache wiki mbili, vile vilivyobaki vichipue uvione, halafu chimba tena. Fanya hivo mara mbili tatu. Najua ni uchovu na najua miche ishanunuliwa yakusubiri pale kivulini, isubiri tu, miche kwenye karatasi yangoja mwezi bila shida ukiimwagilia.

3. Pima kama maji yapita. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena utazame. Yakiisha ndani ya masaa machache uko salama. Yakilala mpaka kesho yake, hapo hapafai kupanda chini, itabidi uinue tuta. Karisa yavumilia jua, upepo, chumvi na kiu, kitu kimoja haivumilii ni miguu kukaa majini. Mizizi yaoza kimya kimya na unapoona majani yakianguka ushachelewa.

4. Tengeneza udongo kulingana na ulipo. Mombasa si moja.

Kama uko kwenye mawe ya matumbawe, kama sehemu kubwa ya kisiwa na Nyali na Bamburi, vunja kwa mtaimbo shimo la upana na kina cha sentimita 40, toa vipande vikubwa, vidogo viache. Changanya ule udongo mchache uliopata na samadi, sehemu tatu za udongo kwa moja ya samadi. Usitie majivu ya jikoni. Nasisitiza, kwa sababu watu wana nia nzuri na wamwaga majivu kila mahali. Matumbawe tayari ni chokaa, majivu yaongeza yale yale, na matokeo yake ni majani manjano. Vilevile kama nyumba ni mpya na fundi amefukia vifusi vya saruji hapo, vitoe vyote.

Kama uko kwenye mchanga mtupu karibu na ufuo, maji yapita vizuri mno, shida ni chakula na unyevu. Hapo ongeza mboji zaidi, nusu kwa nusu shimoni, na chini ya shimo weka vipande vya makumbi vilivyoloweshwa.

Kama uko bara kidogo, Miritini, Changamwe, Mikindani, udongo ni wa mfinyanzi, wapasuka kiangazi na kuwa tope masika. Huko usichimbe shimo lenye kina ukalijaza udongo mzuri, utakuwa umechimba birika la kukusanya maji. Inua tuta la sentimita 20 mpaka 30, changanya na kokoto na mboji, panda juu yake.

Na yeyote anayekwambia matumbawe hayazai kitu, mpeleke Haller Park pale Bamburi. Palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha simiti, jiwe jeupe tupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka wa 1971. Mvinje ndo uliokubali, majongoo wakala majani yake makavu, kinyesi chao kikawa udongo, na leo ni msitu. Wewe hauna haja ya kungoja majongoo, una samadi, lakini somo la majani makavu lishike maana latumika hatua ya 8.

5. Pima nafasi. Ukitaka ifunike haraka, mche na mche sentimita 60. Ukiwa na subira ama mfuko ni mwepesi, sentimita 90. Kwa eneo la mita 10 za mraba hiyo ni miche kama 28 kwa sentimita 60, kama 18 kwa sentimita 75, na kama 12 kwa sentimita 90. Panda kwa kupishanisha, mche wa mstari wa pili ukae katikati ya miwili ya mstari wa kwanza, sio kama askari gwaride, ndo mapengo huziba. Kukaribisha zaidi ya sentimita 60 ni kutupa pesa, zitapandana, katikati patakuwa giza na majani yatakauka ndani.

6. Panda jioni. Mwagilia miche ndani ya karatasi saa moja kabla. Chana karatasi kwa wembe, usivute shina. Itazame mizizi: kama imejizungusha ndani ya karatasi, ikunjue kwa vidole, ile migumu iliyofunga duara ikate. Shimo liwe na upana mara mbili ya karatasi na kina kile kile cha karatasi, usawa wa udongo wa mche uwe sawa na ardhi ama juu kidogo, kamwe usiwe chini. Kuzika shina ni kosa linaloua miche mingi kuliko wadudu, na haliui leo, laua baada ya mvua ya Mei. Rudisha udongo, bonyeza kwa mkono, tia maji kama lita 5 kwa kila mche, udongo ukishuka ongeza.

Halafu chukua mkasi ukate ncha ya kila tawi, kidogo tu, kama urefu wa kidole. Utaona maziwa meupe yatoka, hiyo ni kawaida, ni utomvu wake. Usijipanguse macho na mkono wenye utomvu huo, na ukinata kwenye ngozi osha kwa sabuni. Kukata ncha ndo kunakoifanya itoe matawi pembeni badala ya kukimbia juu.

7. Maji. Wiki mbili za kwanza siku moja wamwagilia, moja waruka, kama mvua hainyeshi. Kisha mara mbili kwa wiki mpaka miezi mitatu iishe. Baada ya hapo kaskazi peke yake ndo wahitaji kumwagilia, mara moja kwa wiki lakini maji ya kutosha yaingie chini, sio kunyunyiza juu juu kila asubuhi ukiwa waongea na simu. Kunyunyiza juu juu kwaleta mizizi juu juu, na mizizi ya juu ndo ya kwanza kuungua.

Sasa maji ya kisima. Rasharasha za bahari juu ya majani karisa yazistahimili, lakini kumwagiliwa maji ya chumvi mizizini kila siku ni jambo jengine kabisa, tena ikiwa changa. Kama kisima chako ukionja wahisi chumvi, tumia maji ya mvua uliyokinga kwenye tangi, ama ya mfereji yakija, kwa ile miezi mitatu ya mwanzo. Baadaye waeza kuchanganya, na ukilazimika kutumia ya chumvi tupu, kila baada ya muda mwaga matamu mengi kwa mkupuo yasafishe chumvi iliyojikusanya. Maji ya kuosha mchele na mboga yafaa kabisa. Ya kufulia nguo yenye jiki hapana.

8. Tandaza. Weka makumbi yaliyochambuliwa, ama majani ya mvinje, unene wa sentimita 5 hivi, kwenye mapengo yote baina ya miche. Acha nafasi ya kiganja kulizunguka shina, yasiguse. Hiyo tandazo yahifadhi unyevu, yazuia ndago zilizobaki, na ikioza ni chakula. Kama hapo kwako mchwa ni wengi, usitumie makuti mabichi na mbao mbao, tumia mboji iliyoiva, na chungulia chini yake mara moja moja. Ongeza kila mwaka mpaka karisa ifunge yenyewe, na kufunga huko kwachukua kama mwaka mmoja na nusu mpaka miwili. Yaenda polepole mwanzo, usikate tamaa mwezi wa nne ukaanza kuimwagia mbolea.

9. Mbolea kidogo. Samadi konzi mbili kwa kila mche masika yakianza na tena vuli, basi. Mbolea nyingi ya dukani, hasa ya naitrojeni, yaifanya itoe majani manene, matawi ya kwenda juu na matunda machache.

10. Kata matawi yaliyosimama. Hizi aina fupi zina tabia moja: mara kwa mara tawi moja lachomoka wima, nene, lenye nguvu kuliko wenzake. Hilo lataka kurudia urefu wa mababu zake. Ukiliacha litachukua chakula chote na kivuli chake kitaua yale yanayotambaa. Lifuate mpaka linapoanzia, likate pale pale shinani, usilipunguze tu ncha, ukilikata katikati litatoa matatu mahali pa moja. Fanya ukaguzi huo kila miezi mitatu. Zaidi ya hilo kata kidogo tu ncha za pembeni mara mbili kwa mwaka, na uache kabisa kuinyoa kwa panga ama mashine kama watu wanavyonyoa kayaba. Matunda ya karisa huja kwenye ncha za vitawi vifupi, ukinyoa juu yote umenyoa matunda. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuanza, na vile vikonyo vya miba vilivyokatwa viokote vyote siku hiyo hiyo, vikikauka ardhini vyabaki na ncha kali muda mrefu.

Kujizalishia miche mwenyewe

Kama bei ya miche 28 imekushtua, nunua michache, ikae mwaka, kisha zalisha. Mbegu zaota, mara nyingi ndani ya wiki mbili hivi, lakini miche yake yaenda polepole sana na haina hakika ya kuwa mifupi kama mama yake, kwa hivyo kwa kazi hii ya kutambaa mbegu sikushauri.

Njia rahisi kuliko zote ni kulalisha tawi. Chukua tawi lililo karibu na ardhi, upande wa chini likwaruze gome kidogo, lifukie hapo katikati na udongo wenye mboji, weka jiwe juu, ncha iache nje. Endelea na maisha yako. Likishashika mizizi mpaka ukilivuta lakataa, likate kutoka kwa mama, liache hapo wiki kadhaa lizoee, kisha lihamishe. Ukiwa na pengo, lalisha kuelekea kwenye pengo na hautahamisha chochote.

Ya pili ni vipandikizi, na hapa kuna ujanja ambao watu wengi hawaujui. Kukata na kuchomeka mara moja mara nyingi hufeli. Badala yake chagua tawi lisilo changa sana wala gumu kabisa, urefu wa kama sentimita 15, likate nusu ya unene wake tu, uliache likiwa bado limeshikana na mama kwa kama miezi miwili. Pale palipokatwa patafanya kidonda kilichovimba. Sasa limalizie kulikata, lichomeke kwenye mchanga safi, sio mchanga wa ufuoni wenye chumvi, ule wa mtoni wa kujengea uliooshwa. Weka chini ya kivuli cha makuti, mchanga uwe na unyevu lakini usitote, na kama ndani ya mwezi mizizi huanza.

Matunda

Vuna likiwa jekundu iliyokolea na limeanza kulainika, ukilipindua lajiachia lenyewe. Likiwa gumu bado lina utomvu mwingi na ukakasi. Ladha ni tamu yenye uchachu, lina vitamini C, na mimi naona linapendeza zaidi likipikwa jemu kuliko kuliwa hivi hivi, ingawa watoto hawangoji jemu. Ukilipika utaona utomvu mweupe umenata pembeni ya sufuria, usihangaike na steelwool, paka mafuta ya kupikia usugue utatoka. Tunda halikai, mwisho siku chache kwenye friji, kwa hivyo lichumwe na litumike.

Ikiharibika angalia hapa

*Majani machanga ni manjano lakini mishipa yake bado kijani.* Hii ndo ya Mombasa hasa. Madini ya chuma yamo kwenye udongo ila chokaa ya matumbawe yameyafunga, mizizi haiwezi kuyavuta. Kuongeza samadi pekee kwasaidia polepole. Kwa haraka nenda agroveti uulize mbolea ya chuma ya kileti (chelated iron) inayofaa udongo wa chokaa, ufuate kipimo cha pakiti. Na kama kuna mtu wa nyumbani anayemwaga majivu hapo, mwambie kwa heshima aache.

*Majani ya chini yageuka manjano yaanguka na udongo umelowa.* Mizizi yaoza. Acha kumwagilia, sogeza tandazo mbali na shina, chimba mfereji mdogo maji yatoke. Ukiung'oa mche mizizi ikawa ya kahawia na yateleza, utupe, na usipande mwengine hapo hapo mpaka umeinua tuta.

*Ncha za majani zimekauka kahawia.* Mara nyingi ni chumvi ya kisima ama mbolea nyingi. Mwaga maji matamu mengi, kisha punguza kilichosababisha.

*Vidude vya kahawia vimenata matawini, majani yana masizi meusi, na chungu wapanda na kushuka.* Ni wadudu magamba. Masizi ni kuvu inayoota juu ya utamu wanaoutoa, na chungu wafuata utamu huo huo. Wakiwa wachache wasugue kwa mswaki wa zamani wenye maji ya sabuni. Wakiwa wengi pulizia mafuta ya mwarubaini yaliyochanganywa na sabuni kidogo, jioni jua likishapoa, rudia baada ya wiki. Ukipuliza mchana wa jua kali utaunguza majani.

*Katikati pamekauka, pembeni ni kijani.* Zimepandwa karibu mno ama haijakatwa miaka. Ondoa matawi makavu shinani, ingiza mwanga, tandaza mboji, itachipua.

*Mwiba umeniingia.* Utoe wote kwa sindano iliyosafishwa, osha kwa sabuni, na ukivimba ama kama ncha imebaki ndani nenda zahanati. Uliza na sindano ya pepopunda kama ni muda hujachomwa.

*Maua ni mengi, matunda hakuna.* Kwanza hakikisha hupulizi dawa za wadudu wakati wa maua, maana maua haya meupe yenye harufu ya usiku huhudumiwa na nondo na wadudu wengine wa usiku, ukiwaua hakuna atakayebeba chavua. Pili, baadhi ya mimea ya karisa haishiki mimba kwa chavua yake yenyewe, na miche yote iliyokatwa kutoka kwa mama mmoja ni mmea ule ule hata ikiwa 28. Kwa hivyo unaponunua, chukua hata miwili mitatu kutoka kitalu chengine, uichanganye katikati. Ukiwa ushapanda na hutaki kungoja, chukua brashi ndogo laini jioni, ingiza ndani ya ua la mmea mmoja uzungushe, kisha peleka kwenye ua la mwengine. Likishika, chini ya ua lililonyauka utaona kijitunda cha kijani kimeanza kunenepa.